Gari la Mtani

Msimu wa korosho ukikolea, Masasi hujaa magari na wapumbavu. Magari huletwa na madalali kutoka Dar es Salaam, yamepigwa polishi hadi nzi wanateleza. Wapumbavu hatuagizi, tunao wa kutosha hapa hapa. Mtu aliyekuwa akiendesha baiskeli isiyo na breki mwezi uliopita utamkuta karibu na stendi amevaa miwani ya jua, analizunguka gari la watu saba na kulipiga tairi teke. Sijapata kujua tairi huwa linamjibu nini. Akishapiga teke anaingia, anashika usukani, anawasha redio, na redio ikilia basi gari ni zima. Mvua za kupandia zikianza, gari hilo hilo liko chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, halina betri, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

Niliwacheka watu hao miaka mingi kwa sababu nilikuwa na gari langu. Nashona sare za shule hapa Masasi, na kabla Masasi haijaota magari kama uyoga nilinunua kagari kadogo keupe kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Kalinitumikia vizuri hadi kakazeeka. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kipande cha kanga. Mshale wa mafuta ulishakata tamaa, nikawa nakisia kwa kutikisa gari na kusikiliza. Kupanda mlima wa Newala kalikohoa njia nzima, kakachemsha kwenye kona ile ile, nami nikashuka, nikasubiri kapoe, nikamwaga maji kwenye rejeta, tukaendelea. Watu wa basi walinipungia mkono kwa huruma. Sikuwapungia.

Sikuwa nakwenda kule juu kutembea. Mama yangu anaishi Mnyambe, ana sukari, na mwaka huo alikanyaga kisiki shambani bila kusikia maumivu, kwa sababu nyayo zake zimeshasahau kuuma. Alikuja kugundua alipoona damu kwenye ndala. Kidonda kikakaa chini ya kidole gumba na hakikutaka kuondoka. Daktari aliyekuwa akikitazama yuko Masasi, na alimpangia kila Jumanne asubuhi. Maneno ya kweli aliniambia mimi pembeni, maana mama alimwona kama mtoto aliyevaa koti la baba yake: kidonda kisafishwe bila kukosa, la sivyo kitapanda, na kikipanda mguu utakatwa.

Nilimwomba mama ahamie kwangu. Alikataa. Masasi kuna joto, alisema, nyumba yangu ni ya kupanga, na mikorosho yake haijui kujipulizia salfa yenyewe. Basi lilipita mbali na kwake, na bodaboda alizikataa pia. Alisema hakuzaa watoto wote hawa ili uzeeni akumbatie kiuno cha mtoto wa watu mlimani. Kwa hiyo mguu wa mama ulibebwa na kagari kangu, na kagari kangu kalibebwa na dua.

Jumanne moja dua iliisha. Tulikuwa tunateremka, ajabu ni hiyo, tunateremka, kitu ambacho hata jiwe linaweza. Injini ikagonga, moshi ukajaa, gari likasimama kando ya barabara na halikusema tena. Mama alikaa juu ya jiwe, mguu wake nikauweka juu ya dumu la maji. Alilitazama gari kwa muda, akasema kwamba yeye na gari hilo ni wazee sawa, ila yeye hajawahi kumwacha mtu njiani. Lori la kokoto lilituchukua. Tulifika hospitali daktari amekwishavua glavu, akazivaa tena amenuna, akanionyesha rangi ya nyama pembeni ya kidonda. Sikuipenda rangi ile. Usiku na mchana niliiona.

Basi nilihitaji gari jingine, na kosa nililofanya ni kuwaambia ndugu.

Kwetu Wamakonde jambo la mama ni jambo la ukoo wa mama, na ukoo wa mama una msemaji, naye ni mjomba. Mjomba wangu ni mdogo wake mama, anaishi Newala mjini, na hajawahi kumiliki kitu chenye magurudumu zaidi ya toroli. Hilo halikumzuia kuitisha kikao. Kilikaliwa Mnyambe, uani kwa mama, na watu walikuja ambao hawakuwa wamekuja kumwona mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na gari lake kichwani. Kaka yangu alitaka pikapu, kwa sababu ana magunia. Binamu mmoja wa Chilangala alitaka basi dogo ili tupakie abiria siku ambazo mama haendi hospitali, na yeye awe dereva, ingawa leseni alikuwa bado hajaipata. Nikauliza mgonjwa atakaa wapi. Waliniambia nafasi haiwezi kukosa.

Mjomba aliwaacha waseme, kisha akatoa hukumu. Wajukuu wake wa kike walikuwa unyagoni, na walikuwa karibu kutolewa. Mnajua mambo ya siku hizi. Zamani mwali alitoka kwa miguu na ngoma, amefunikwa, kichwa kimeinama. Sasa anatoka kwa msafara, magari yanapiga honi kuzunguka Newala yote, na mwali amesimama ndani ya gari amejitokeza kwa juu, ana mwavuli, watu wanamtunza. Familia ambayo mwali wake hana gari lenye paa la kufunguka inasemwa hadi msimu unaofuata. Kwa hiyo mjomba aliamua kwamba gari la kumpeleka dada yake hospitali lazima liwe na paa la kufunguka.

Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha na hakunyanyua uso. Nikasema kidonda hakiko kichwani mwa mama hata kihitaji kutokea juu. Mjomba akanitazama kama mtu anayetazama mvua ya kiangazi, akasema ukiwa na shughuli mbili tafuta kitu kimoja kinachozimaliza zote. Wakubwa wakaitikia. Nililipa mimi, waliamua wao. Hivyo ndivyo ukoo unavyosaidia.

Nilianza kwa madalali. Nawaambia wenzangu ambao hawajanunua gari lililotumika: hapa nchini magari yote yaliyotumika yalikuwa ya padri, au ya daktari, au ya mama mmoja wa makamo aliyekwenda nalo kazini na kurudi. Hakuna hata moja lililowahi kuendeshwa na kijana mlevi. Hao vijana walevi tunaowaona barabarani sijui wanaendesha nini. Dalali wa kwanza alinionyesha gari jekundu la padri. Mimi ni fundi cherehani, nguo huigeuza ndani nje kabla sijaisifu, kwa hiyo niliinua zulia. Chini kulikuwa na tope kavu la mtoni, limejipanga vizuri kama la mfinyanzi. Nikamuuliza kama padri alikuwa anabatizia humo. Dalali akasema hilo ni vumbi la kawaida. La pili lilikuwa na rangi mpya upande mmoja, na upande ule ukigonga kwa kidole ulilia kama ubao. La tatu lilikuwa zuri kweli, lakini mwenyewe hakutaka niendeshe hata mita chache, alitaka nilisikilize tu limesimama. Nikamwambia kusimama hata langu linajua.

Wiki hizo mama alishuka kwa gari la kukodi. Kukodi gari msimu wa korosho ni kujidhalilisha. Madereva wanajibu simu kama mawaziri. Anakuambia ndiyo leo, kesho anapata harusi na simu yake haipatikani. Kila Jumatatu jioni nilikuwa siwezi kukata hata kola ikakaa sawa.

Ndipo mjomba akasema twende kwa mtani.

Huyo mtani ni Myao wa Masasi, mtu mzima wa rika langu, mchuuzi wa magari na vipuri. Familia yake na yetu zimetaniana tangu enzi za mababu, na kwetu utani si mchezo wa kuigiza. Mtani anaweza kukutukana sokoni mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza kabla ya maiti, akakataa kutoka hadi apewe kitu. Anaweza kuchukua mali yako ukitazama, na dawa yake si polisi bali ni kuikomboa. Babu yake alichukua baiskeli ya babu yangu siku ya matanga, akaipanda akaenda nayo, na ilikaa kwake hadi babu alipompelekea mbuzi. Mbuzi alipofika, baiskeli ilikuwa haina kengele, na juu ya kengele hiyo watu wetu wanacheka hadi leo. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umejivua ukoo.

Tulikwenda mimi, mjomba na kaka yangu, tukamkuta uwanjani kwake amejiegemeza kwenye gari lake mwenyewe, pikapu mbaya ya rangi ya tope yenye viti viwili tu mbele, mlango mmoja umetoka kwenye gari jingine, bampa imefungwa kwa waya. Ilikuwa na vumbi jipya na nyuma imebeba mihogo, maana alikuwa ametoka nayo shambani asubuhi hiyo, kama kila asubuhi. Mjomba aliitemea mate pembeni kidogo na kuuliza kama bado anaishi na mzoga. Mtani akajibu kwamba mzoga una adabu kuliko Mmakonde. Alinikaribisha kwa kuniambia kwamba nimezeeka vibaya, na kwamba amesikia tunatafuta gari linaloweza kupanda mkorosho. Nikamwambia Wayao wangependa jembe nusu ya wanavyopenda kanzu nyeupe, wangekula. Tulikuwa tumesalimiana.

Gari alilokuwa anauza lilikuwa katikati ya uwanja, la rangi ya fedha, limeng'aa, na lina paa la kufunguka. Mjomba alibonyeza kitufe, paa likarudi nyuma taratibu, akaliangalia anga kupitia pale kama hajawahi kuliona. Nilijua tumekwisha. Nilizunguka, nikainua zulia, pakavu. Nikainama chini ya bampa, safi. Nikamuuliza mtani gari lina ugonjwa gani.

Alijibu, tena bila kusita, huku akicheka na kunipiga bega.

"Bovu hilo. Giaboksi ikipata moto inakata, linabaki linanguruma tu. Wapelekee maadui zako."

Mjomba alicheka hadi akashika kiuno. Kaka yangu alicheka. Nami nilicheka, na nitasema kwa nini: kwa sababu sekunde moja kabla ya hapo alikuwa amesema mimi ni mzee na mjomba ni maskini na kaka yangu ni mwizi wa kuku, na yote hayo yalikuwa utani, ingawa kuhusu mjomba alikuwa hajakosea sana. Mtani akisifu kitu chake, kimbia. Akikiponda, ujue anakipenda. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote, naye alikuwa amelelewa hivyo hivyo.

Hata hivyo nilisema tulete fundi alitazame, au tulipandishe mlima kwanza. Mjomba aliacha kucheka. Alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kuwaaibisha marehemu babu zetu. Fundi huletwa kwa mgeni, alisema. Kumletea mtani fundi ni kumwambia wewe si mtani tena, ni mfanyabiashara. Nilimjibu kwamba ni mfanyabiashara, ndiyo maana ana uwanja uliojaa magari. Akasema mimi Masasi imeniharibu. Jumanne nyingine ilikuwa inakuja, nilikuwa nimechoka na madalali na mapadri wao, nami nikanunua.

Wali wetu wa unyago walitolewa Jumamosi. Sitasema uongo, walipendeza. Wajukuu wa mjomba walisimama ndani ya gari langu wamejitokeza juu hadi kiunoni, miavuli ya rangi, shanga, poda usoni, na Newala ilitoka kuwatazama. Mjomba aliketi mbele karibu nami amevaa koti la suti kwenye jua lile, akipunga mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Tulitembea kwa mwendo wa ngoma, yaani mwendo wa kobe, tukisimama kila wanawake walipotaka kucheza mbele ya bampa. Gari likapata moto. Mbele ya soko, mahali penye watu wengi kuliko pote, likanguruma kwa nguvu na halikwenda. Nikaingiza gia, likanguruma. Nikaitoa, nikaiingiza tena, likanguruma, na mjomba akaniambia niache kulitisha. Watu walidhani ni mbwembwe, wakashangilia. Mwishowe wanaume wakalisukuma, wali wakiwa bado juu wameshika miavuli, kwa sababu manyakanga, mkuu wa unyago, alikataa wateremke njiani. Alisema ni mkosi. Nilishika usukani wa gari linalosukumwa, nikasikia maneno ya mtani neno kwa neno. Aliniambia. Aliniambia kabisa, mbele ya mashahidi.

Nilipandwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Mwongo unaweza kumkamata, una pa kushika. Mtu anayekudanganya kwa kukuambia kweli utamshika wapi? Alijua tutacheka. Alikuwa ametupima kama mimi ninavyompima mtu kwa futi kamba, kifua, kiuno, na ujinga, akakata kitambaa sawasawa.

Fundi wa Newala alitazama akasema giaboksi imekwisha, na akaongeza kwamba haikuanza jana. Mjomba alitangaza kwamba gari limerogwa na wenye wivu. Aliwataja. Jumanne nilipiga simu kwa kila mwenye gari ninayemjua, pamoja na ndugu wote wa kikao. Kaka yangu alikuwa na magunia. Binamu wa Chilangala alinipa pole nyingi. Dereva aliyeahidi kuja alipata harusi. Mama alikaa barazani tangu alfajiri amevaa kanga yake ya hospitali, mkoba mapajani, na jua lilipomfikia miguuni akaingia ndani akavua. Jioni nilipoufungua mguu, wekundu ulikuwa umepita kifundo na harufu ilikuwa nyingine. Niliufunga tena, nikatoka nje, nikalia kwa hasira na kwa woga, zaidi kwa woga.

Kesho yake alfajiri niliomba lori la korosho lililokuwa linashuka ghalani Masasi linivute hadi kwa mtani, anipe gari jingine nimrudie mama. Niliketi kwenye gari la rangi ya fedha, kamba mbele, paa limekwama wazi, vumbi la lori lote likiniingia kichwani. Kwenye kona yangu ya zamani, pale kagari keupe kalipokuwa kakichemsha, nilikakumbuka kwa heshima.

Mtani alikuwa ndiyo kwanza ametoka shamba. Pikapu yake mbaya ilikuwa imesimama pale pale, inatoa joto, mihogo nyuma. Aliniona nilivyojaa vumbi, akaniuliza kama Wamakonde siku hizi wanajipaka unga badala ya chale. Sikucheka. Nikamweleza soko, kusukumwa, Jumanne, mguu. Alisikiliza. Kisha akanyanyua mabega, akasema kile nilichojua atakisema.

"Nilikuambia, mtani. Mjomba wako shahidi."

Nilikuwa nimejipanga kumtukana, matusi halisi, yasiyo na utani ndani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile pikapu. Huyu mtu anauza magari. Ana uwanja mzima wa magari yanayong'aa, ya mapadri na madaktari, na kila asubuhi ya Mungu, njia ya mchanga, mvua au jua, anakwenda shamba na kurudi kwa gari hili. Tulikaa mbele yake tukilitemea mate na kumuuliza gari gani ni zima. Jibu alikuwa ameliegemea.

Funguo zilikuwa zinaning'inia mahali pake. Niliingia, nikafunga ule mlango wa gari jingine, nikawasha. Liliwaka mara moja, bila makelele, kama mtu aliyeitwa na alikuwa anasubiri. Mtani alianza kucheka. Nilipoingiza gia ya kurudi nyuma kicheko kikapungua. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba nimechukua, na kwamba lile bovu aliloniambia kweli yake namrudishia.

"Mtani, hilo naendea shamba," alisema.

"Njoo ukomboe," nikasema.

Alipiga hatua mbili kulifuata gari, akasimama. Majirani walikuwa wanatazama, na wote wanaijua habari ya baiskeli. Angefanya nini, apige kelele za mwizi? Angejivua ukoo. Nilimwona kwenye kioo amesimama katikati ya uwanja wake, mikono imelegea, na nakiri nilifurahi mno, furaha chafu, hadi nilipoanza kupanda mlima nikakumbuka kwa nini napanda.

Lile gari baya lilipanda bila kukohoa. Mihogo ilicheza nyuma, bampa ililia, na mshale wa joto haukusogea. Mama hakuuliza la nani hadi tulipokuwa tunashuka. Nilipomwambia, alisema viti vyake ni vigumu. Haikuwa Jumanne, na daktari alitaka kusema hivyo, lakini alipofungua bandeji aliacha kusema. Walimlaza. Kidole gumba kilikatwa, na kipande cha nyama nyuma yake. Mguu ulibaki. Daktari aliniambia nje, kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba tungechelewa zaidi kidogo habari ingekuwa nyingine, na kwamba kama tungefika siku yake, labda hata kidole kingepona.

Hilo la mwisho nililipeleka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Mtani alikuja Mnyambe mama alipokwisha rudi, wakati mabibo ya mwisho yanaoza chini ya mikorosho na uraka, pombe yake, umekuwa mkali. Alikuja kwa bodaboda, amevaa kanzu, ana jogoo mkononi amefungwa miguu. Mjomba alikuwapo, siku hizo alikuwa anakuja sana, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba pikapu ni gari imara na kwamba yeye ndiye aliyesema twende kwa mtani. Mama alikuwa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, bandeji nyeupe imeishia mahali ambapo mguu wa mtu haupaswi kuishia.

Mtani alianzia mbali, kama kawaida. Aliwatukana mbwa, akautukana muhogo wetu, akamwambia mjomba kwamba lile koti la suti linastahili kuzikwa. Mjomba alicheka mno. Kisha mtani akamnyanyua jogoo, akasema amekuja kumkomboa mzoga wake, na kwamba kwa mzoga jogoo anatosha na chenji irudi. Mjomba alikuwa tayari ananyoosha mkono ampokee.

Mama alisogeza kanga iliyofunika mguu.

"Na kidole changu," alisema, "nacho utakikomboa kwa jogoo?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alirudisha mkono wake mapajani. Mtani alikuwa hajauona mguu, nadhani alidhani ni maneno tu, kama alivyotufundisha kudhani. Sasa aliutazama, na aliutazama muda mrefu. Jogoo alipiga mabawa mkononi mwake na hakushughulika naye. Alimweka chini, akavua kofia, akainama mbele ya mama, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kumpa mama yangu salamu isiyokuwa tusi.

"Shikamoo, mama."

Mama alimwacha pale ameinama. Niliona shingo yake, jasho lilikuwa limeingia kwenye ukosi wa kanzu, na nilisubiri nione huruma. Haikuja.

"Marahaba," mama alisema mwishowe. "Kadi ya gari umekuja nayo, au utairudia?"

Akairudia. Aliondoka kwa miguu, maana bodaboda ilikuwa imeshakwenda.